Kanyagio

Kwa mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia mama mota,
nyeusi, ndogo kama ngumi ya mtoto.
Fundi Kileo akaifunga kwenye cherehani, barazani pale Kiusa,
akauvua mkanda wa ngozi uliong'aa kwa miaka ishirini.
"Sasa pumzisha miguu," nikamwambia.
Naye akaipumzisha.

Ikapumzika miezi saba.
Sare za shule zikatoka mbio, bila jasho,
na miguu ikakaa chini ya meza
kama mizigo iliyosahauliwa stendi.
Ikaanza ganzi. Kisha soksi zikaandika
mstari mwekundu juu ya vifundo,
na viatu vya Jumapili vikamkataa
tukiwa tumeshafika mlangoni mwa kanisa.
Usiku nikaubonyeza ugoko wake kwa kidole gumba:
shimo likabaki pale, likinitazama.

Mawenzi walipima moyo, wakapima figo, wakapima sukari.
Vyote salama.
Ndipo muuguzi Ndelilio akavuta kiti:
"Kazi yako nini, mama?"
Akasikiliza mpaka kwenye mota, akanitupia jicho.
"Na kwenu ni wapi?"
"Mbokomu."
"Maji ya mfongo yanashukaje mpaka mgombani?"
"Yenyewe. Mlima unayasukuma."
"Basi damu ikishafika kwenye nyayo haina mlima wa kuisukuma.
Ni ya kupanda tu, Njoro mpaka Mbokomu, mchana na usiku,
na mchukuzi wake ni huyu hapa" —
akalishika tafu, akalitikisa kama anayemwamsha mtu —
"akilala yeye, damu inakaa chini kumngoja."

Mama hakunigeukia.
Huo ndio upole wake.

Jioni ile alifungua kopo la vifungo.
Mkanda niliodhani umetupwa
ulikuwa umejikunja humo kama nyoka wa bustani.
Akauunga, akavua viatu, akaketi:
kisigino, vidole, kisigino, vidole,
bila uzi, bila kitambaa,
akishona hewa mpaka chuma kikakumbuka.
Usiku akalala miguu ikiwa juu ya gunia la vipande,
na asubuhi akaniita nije nibonyeze tena.
Nikabonyeza. Ngozi ikarudi,
polepole, kama mtu aliyeitwa mara ya tatu.

Siku hizi akimaliza koti anazunguka nyumba mara mbili,
akisalimia kuku kwa majina.
Mota sijui iko wapi. Sijauliza.

Mimi nakaa benki, dirisha la tatu,
saa nane kwa siku nahesabu noti za watu,
na viatu vyangu vilianza kubana tangu Aprili.
Leo mteja mmoja, mzee wa kahawa,
ameweka kiganja juu ya kaunta akauliza
mbona inatetemeka.

Nimemwambia ni lori limepita.
Kisigino, vidole.
Kisigino, vidole.