Ndoo Thelathini na Saba na Nusu

Mimi dereva wa boza la maji, sijui sanaa.
Najua milima ya Antofagasta, kona ipi inakula breki,
nyumba ipi ina mapipa mawili na ipi ina kopo la rangi,
maana huku juu bomba halijafika
na mvua, tangu nizaliwe, naisikia redioni.

Eulogia Choque alinisimamisha Jumatatu.
Miaka ishirini na mbili, kamera ya kuazima,
na barua tatu za kukataliwa kutoka mji mkuu.
Ya tatu ilisema: hadithi nzuri, ila chagua lugha moja.
Mama wa kwenye filamu huota kwa Kiaymara,
hununua mkate kwa Kihispania,
na jirani humfokea kwa Krioli ya Haiti.
"Nichague ipi? Nimkate mama vipande?"
Kisha, bila kuvuta pumzi:
"Nahitaji mvua. Dakika mbili."

Nilicheka. Boza si langu, maji yana risiti,
lita ikipungua nalipa mimi.
"Basi tutakujazia," akasema,
akaenda kugonga milango.

Hakuomba pesa. Ndoo moja kila nyumba.
Deyanira wa saluni, Mkolombia, alitoa mbili,
wateja wakasubiri na povu kichwani.
Wachimbaji wa zamu ya usiku walitoa ya kuogea,
wakalala na vumbi la shaba masikioni.
Bi Quintina alifunga mlango:
"Maji ya kudanganyia watu? Mimi simo."

Husemwa haba na haba hujaza kibaba.
Sawa, ila aliyesema hakuibeba haba yake
ngazi mia na ishirini, upepo ukiidokoa njiani.

Jumamosi, saa kumi, nikapanda juu ya boza.
Nikafungua mpira, maji yakaruka kama ya zimamoto.
"Acha!"
Alikuwa Wisly, mchomelea vyuma, mtu wa Jérémie,
ambaye sauti yake hatukuwa tumeizoea.
"Mvua haiji hivyo. Hutanguliza harufu.
Kisha tone moja, nene, hapa shingoni,
unatazama juu, unadhani ni ndege.
La pili ndilo linalokuthibitishia."
Akatoboa bomba kwa msumari, matundu yasiyolingana,
akamwaga kikombe vumbini kabla kamera haijawaka
ili waigizaji wanuse.

Tukafundishwa mvua, sisi watoto wa jangwa,
na mtu aliyenyimwa chumba cha kupanga mwezi uliopita.
Nilikuwepo aliponyimwa.
Nilikuwa napima maji. Nilinyamaza.

Hakukuwa na kurudia. Maji yakiisha yameisha.
Watoto wakakimbilia mbele ya kamera vinywa wazi,
hawakuwamo kwenye mpango,
Eulogia hakuwafukuza.
Matone yalipoanza kukonda
nikamwona Bi Quintina akipanda ngazi na nusu ndoo,
maji ya kuoshea vyombo, yana mafuta juu.
"Yana sabuni," akasema. "Kwani mvua huchagua?"
Tukayatia.

Filamu ni dakika kumi na moja.
Majina mwishoni ni dakika nne,
kila ndoo na mwenyewe, hata ile nusu.
Langu limekosewa herufi. Sikusema kitu,
nimekaa hivyo, na herufi pungufu, nimefurahi.

Turubai hatukuwa nalo.
Mama yake hufua mashuka ya hoteli kule ufukweni,
akaleta moja, jeupe, la kitanda kikubwa,
tukalitundika kati ya nguzo ya umeme na boza langu.
Lilijaa upepo, uso wa mama ukavimba, ukacheka,
ukasema Kiaymara, na Wisly pembeni yangu
akamtafsiria mtoto wa mtu, kwa kukosea, kwa sauti.

Kabla ya alfajiri mama yake alilishusha,
akalipiga pasi, akalirudisha.
Chumba mia tatu na kumi na mbili, kinachotazama bahari.
Sijui nani alilala juu yake.
Natumaini alishtuka usiku
akaenda dirishani
kutazama kama kumenyesha.