Deni na Usiseme

Mfupi namwita Deni, haachi kudai.
Mrefu ni Usiseme: mbavu nje, miguu ya upepo.
Jioni nawapa vichwa vya sangara
na ukoko wa ugali uliolala.
Jirani yangu Ng'washi hunisema:
unalisha mbwa, watoto wale nini?
Kwani hao watoto wanakula pimbi wa nani?

Leo, kwenye majabali ya Igombe,
Deni kazama katika ufa usiopitisha bega langu.
Njuga yake, kopo la kiwi lenye msumari ndani,
ikalia, ikalia chini kwa chini,
kisha kimya.
Pimbi akachomoka upande wa pili.
Usiseme akamwona
na hakukimbia.

Hakukimbia! Yeye aliyempiku sungura
kwenye mihogo ya Lubango, mchana kweupe.
Kakaa mdomoni mwa ufa, pua chini,
nami nimepiga magoti kando yake
naita jina ambalo watu hulikimbia:
Deni. Deni. Deni, toka.

Ziwa limeshakuwa jeusi,
karabai za wavua dagaa zinawashwa mojamoja.
Ndani ya jiwe
msumari umegusa kopo.
Mara moja.