Mbao Zinazolia

Ofisi yangu iko ghorofa ya pili, Launceston,
katika jengo lililokuwa ghala la sufu.
Mpaka leo, siku za mvua, kuta hunuka kondoo.
Sakafu ni ya mbao, na mbao zina midomo:
huingii humu bila kutangazwa.

Julai. Ukungu umepanda kutoka mtoni,
umekaa dirishani kama mteja asiye na miadi.

Kwanza baba. Garth Pybus, fundi wa majokofu.
Amewahi dakika kumi, shati limenyooka,
amebeba faili lenye vibandiko vya rangi:
risiti za viatu, cheti cha kuogelea, picha ya keki.
Maswali arobaini na mawili, anajibu bila kumeza mate.
"Sina ugomvi na mtu," anasema. "Nataka mwanangu tu."
Mbao zililia alipoingia, zikalia alipotoka.
Alikanyaga kama mwenye nyumba.

Kisha mama, Leonie. Amechelewa nusu saa.
Basi, anasema; halafu anasema maegesho;
halafu anasema samahani, mara nne.
Tarehe zinamponyoka kama sabuni bafuni.
Amewahi kukukaba shingo?
"Hapana." Anakaza skafu.
Amewahi kukufuata kazini?
"Huwa anapita tu."
Amewahi kumdhuru mnyama wa nyumbani?
Hapo anacheka, kicheko kikavu, koki isiyo na maji:
"Mbwa alitoroka. Mbwa hutoroka, sivyo?"

Fomu ina visanduku. Najumlisha.
Hatari: ya wastani.
Neno hilo nimeliandika miaka kumi na tisa
na bado sijui uzito wake kwa kilo.
Nyumba yenye siku sita za amani
na Alhamisi moja,
wastani wake ni nini?

Mtoto ndiye wa mwisho. Elwyn, miaka saba,
meno mawili ya mbele hayapo.
Nampa kalamu za rangi, anachora trekta.
Nampa nyumba ya wanasesere, anaitazama kwa adabu
jinsi mgeni anavyotazama picha za harusi ya watu.
Kwa baba kukoje? "Kuzuri."
Kwa mama? "Kuzuri."
Kuzuri na kuzuri. Naandika.

Ilikuwa mara yake ya tatu ndipo nilipolisikia,
au tuseme sikulisikia.
Nimeinama kwenye droo natafuta biskuti,
nikainua kichwa: Elwyn yuko mbele ya meza yangu,
viatu mkononi.
Hakuna ubao uliolia.
Mimi bado husalitiwa na ule wa mlangoni;
yeye, kwa ziara mbili, alishaihifadhi sakafu nzima:
huu ruka, pale ambaa na ukuta,
kisigino kisiguse.

"Umejifunza wapi?"
Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza
alijifunza wapi kupumua.
"Lazima ujue zipi zinalia," akasema.
"Moss hakujua. Kucha zake zilikuwa na kelele."
Kisha akaomba biskuti.

Hakuna kisanduku cha hilo.
Nikaigeuza fomu, nikaandika nyuma yake
kwa penseli. Halafu, juu ya penseli, kwa wino.

Wiki sita baadaye wakili wa baba aliinuka, mpole,
miwani kwenye ncha ya pua:
"Bi Tregenza, mbao zina kipimo gani cha kitaalamu?"
Watu wakacheka kidogo.
Nikasema hazina.
"Basi baba anyimwe mwanawe kwa sababu ya sakafu?"
Nikasema sikuandika anyimwe. Niliandika waonane mchana,
mtu wa tatu akiwepo,
mahali ambapo mtoto anaweza kukanyaga.
Hakimu akaandika kitu. Sikuona nini.
Leonie akafungua skafu, akaifunga tena.

Jioni nilirudi ofisini peke yangu,
nikavua viatu, nikajaribu.
Hatua ya kwanza, ukalia.
Nikaambaa na ukuta, ukalia.
Nikafika mezani
nimetangazwa mara tisa.