Glavu za Tusekile

Mwanjelwa, asubuhi ya Juni.
Loleza bado umejifunika ukungu,
Tusekile anavaa glavu, anavua, anavaa nyingine.

Ya ngozi nene haipitishi kioo,
lakini mkono ndani yake ni kiziwi:
hausikii vanishi ikiwa bado mbichi.
Ya mpira inashika, kisha inaacha
vidole visivyo vya mtu
juu ya mninga uliopigwa msasa siku tatu.

"Chukua hii, dada. Haikatiki."
"Sijauliza kama inakatika.
Nimeuliza kama inakwaruza."

Anatoa simu, anaifuta kwenye kitenge,
anaisugua kwa kiganja cha kila glavu,
anaiinamisha chini ya balbu ya duka.
Mstari. Mstari. Ukungu wa mafuta.
Ya kijivu, nyembamba kama soksi ya mtoto,
haikuandika kitu.

Gumba lake la kushoto lina kovu
la kabati la bibi harusi wa Tukuyu.
Siku ile alifuta damu mlangoni kwanza,
ndipo akafunga kidole.
Kabati lilifika safi.

Elfu kumi na mbili.
Analipa akiwa amezivaa:
noti mbili zimegandana,
vidole vikasikia.