Somo la Jumanne, Chekereni, Moshi

Kazuyo ameandika "sori" mara tisa daftarini, kwa penseli,
tope la majaruba bado li kuchani.
"Mwalimu, nikimkuta mtu kachoka, nimwambie sori?"
Hapana. Sori ni ya aliyekukanyaga.
"Basi Kiingereza kina nini cha kumpa mwenye jembe begani?"
Nikafungua kamusi ya shule, nikaifunga.
Nikasema kuna "tuonane kesho," kuna "kazi nzuri,"
naye akatikisa kichwa: hayo ni ya bosi.
Chai ikapoa.

Kwao, alisema, jioni wakitoka shambani
huwa wana neno: *otsukaresama*.
Akainama kidogo alipolitamka,
na mimi, bila kufikiri, bila kutafsiri,
mimi binti wa Ndeaisia wa mfereji wa pili,
nikaitika:
"Asante. Nishapoa."