Mtoto wa Simu

Wateja huja na kasoro kama mtu ajaye na jino:
ameshika shavu, hataki uguse.

Dukani kwetu Oulu, mtaa wa nyuma ya stesheni,
Januari, jua likichungulia saa nne asubuhi
na kuaga kabla ya saa tisa,
simu ile niliiuza kwa sentensi moja:
"Ina mtoto, kama meza."
Nikaisukuma kwa dole gumba, tak,
kibodi ikachomoza chini ya kioo,
herufi zote zimepanga mstari.

Rauno, dereva wa gari la kukwangua theluji,
alinunua siku ile ile.
"Kioo hakinijui nikivaa glavu," alisema.
"Hiki nakibonyeza, nacho kinabonyezeka."
Machi akarudi. Mchanga wa barabarani umeingia relini,
mtoto anatoka nusu, anagoma.
Hakudai fedha. Aliomba brashi tu,
akasugua mwenyewe juu ya kaunta yangu
huku akinisimulia ugonjwa wa mbwa wake.
Mwaka wa pili aliniachia hiyo simu. Chukua vipuri, alisema.

Sirkka yeye alidai fedha.
Mwanawe Jalmari, darasa la saba,
alifungua akafunga, fungua funga, tak tak,
kipindi cha hesabu, muhula mzima,
hadi utepe wa ndani ukakatika.
"Simu gani hii isiyotaka kufunguliwa?"
Nikamsomea karatasi ya dhamana.
Ilitaja maji, moto, kuanguka.
Uchovu wa hesabu haukutajwa.
Tukakubaliana nusu. Bosi hajui.

Wengine walilalamika: nene, nzito,
inatoboa mfuko wa suruali,
betri inakata roho kabla ya chakula cha mchana
baridi ikishuka nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Kisha, wako mlangoni, kofia kichwani,
wanauliza lini itatoka nyingine kama hiyo.
Haikutoka. Kiwanda kiliacha.
Nilibaki na ndoo ya vipuri chini ya meza.

Tuovi alileta simu iliyonyamaza. Haikuwa yake.
Kibodi imelika, na herufi moja imefutika kabisa,
ile A yenye vidoti viwili kichwani.
Nilifanya kazi safi, nilijivunia.
Nikaiamsha, nikaivisha kibodi mpya bila malipo,
herufi nyeupe kama meno ya maziwa.

Aliifungua. Akapapasa.
"Ile nyingine iko wapi?"

Vilho aliendesha basi la usiku.
Kila ujumbe wake ulianza na älä,
neno letu la kukataza:
usinisubiri. Usizime taa ya ngazini.
Usimpe paka samaki wote.
Miaka sita ya makatazo kwa dole moja.
Mengine hakuandika, alisema Tuovi,
alikuwa bahili wa herufi.

Nikamwaga ndoo juu ya kaunta.
Kibodi saba, zote zimechakaa,
zote zimepotewa na vidoti au zinakaribia.
Alivua glavu. Akafumba macho.
Akapitisha dole gumba juu ya moja, juu ya nyingine,
akarudi, akaruka,
kama mtu atafutaye miba ndani ya samaki.
"Hii."

Nyuma ya kila kibodi pana namba.
Ya Vilho niliinakili kwenye risiti,
inaishia na arobaini na nne.
Hii iliishia na kumi na tisa,
na mchanga ungalimo relini.

Nikaigeuza risiti kifudifudi.
Nikakaza skrubu nne, polepole,
ya tatu nikaikaza mara mbili.

Tuovi akaisukuma. Ikatoka nusu, ikagoma,
ikatoka.
"Eeh," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."