Ndara Namba Kumi na Tisa

Saa mbili kamili kengele ikilia
hushuka ngazi, kalamu ya risasi sikioni,
kwenda kuhesabu viatu.
Huku kwetu Bohemia mtoto huvua buti za theluji mlangoni
akaingia darasani na ndara za kitambaa.
Daftari la mahudhurio huja baadaye.
Buti zikining'inia, mtoto yupo.
Ndara zikibaki, hayupo.

Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu.
La Hanh lilikuwepo: jozi ya kijani,
kisigino kimekanyagwa,
Jumanne.
Ijumaa.
Jumanne tena.

Kufika mwisho wa Novemba nimechora mistari kumi na mmoja
imelala upande kama mvua ya upepo.
Bi Šebestová wa hisabati akaja ofisini na chaki mkononi:
"Mtoto hodari, lakini anajua nusu, hajui robo.
Robo nilifundisha Jumanne.
Hesabu ni kufuma soksi, Bi Vondráková.
Ukiruka kitanzi huoni kitu.
Utaona siku ya kuivaa."

Sheria nayo ina ngazi zake:
simu, barua, barua yenye muhuri,
kisha ofisi ya ustawi, na huko hawana utani.

Nikapiga simu. Ikapokewa na sauti nyembamba, iliyonyooshwa kama shuka:
"Hanh ana homa, mama. Samahani, mama."
Nikaandika: homa.
Ijumaa: jino.
Jumanne: homa, "lakini ya aina nyingine".
Nikataka kucheka.
Nyuma ya ile sauti mashine ikalia, pii, pii,
na mtu akaita kwa ukali wa kazini:
Lê Văn Thụ, kitanda cha nne!

Barua yenye muhuri ilikuwa imeshaondoka.

Wakaja watatu.
Baba, mkono umefungwa bandeji pale sindano zinapoingia,
maana figo zake zimestaafu kabla yake.
Mama, bado na harufu ya mabeseni mapya ya kibandani.
Katikati yao Hanh, miguu haigusi sakafu sawasawa.
Mkuu, Bwana Kostka, akaisoma barua sentensi moja moja,
na kila sentensi ikasimama kumngoja mkalimani.
Mkalimani alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Binti yenu amekosa masomo siku kumi na moja."
Akageuka, akawaambia.
"Sababu alizotoa si za kweli."
Akawaambia na hilo.
Angeweza kulipinda. Nani pale angejua?
Mimi Kivietinamu sikijui hata salamu,
ila niliuona uso wa baba ukikunjuka polepole
kama karatasi iliyotupwa majini.
Akauliza jambo, refu.
Hanh kimya.
"Anasemaje?" akauliza Mkuu.
"Anauliza," akasema, akitazama ndara zake,
"kwa nini nilimwambia Jumanne na Ijumaa hakuna shule."

Hakuna aliyepata neno. Kikaza-karatasi changu kikaanguka,
nikashukuru kupata kisingizio cha kuinama.

Hospitali imepata mkalimani, wa Ijumaa tu.
Kwa Jumanne tumeandika barua mbili; jibu bado.
Mama anajifunza: maumivu, kizunguzungu, shinikizo,
anayaandika kwenye maboksi ya ndara anazouza.
Ofisi ya ustawi tuliwapigia wenyewe, tukawaambia wasije na faili,
waje na mtu.

Daftari langu lina alama mbili tu, yupo na hayupo,
kwa hiyo Jumanne naandika saa pembeni, kwa risasi:
nne na dakika ishirini.
Nne na robo.
Wiki iliyopita alikuja mbio, theluji kwenye nyusi,
akaiona ile saa, akainama juu ya meza yangu:
"Robo," akasema. "Hiyo naijua."
Bi Šebestová sasa huifundisha Jumatano.